Blogu ya Mwandishi na Chombo Chake cha Habari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Nyanda za Juu Kusini

Majibu haya ni kwa waandishi wa Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe wanaoandikia gazeti, redio au televisheni, na papo hapo wana blogu, onlaini tivi au ukurasa wenye wafuasi. Yanawafaa pia wahariri wa Dar es Salaam wanaopiga simu usiku kuuliza kwa nini stori imetoka "kwako" kabla ya kutoka "kwetu". Jambo likishaelezwa mahali pengine, utapewa namba ya swali.

## Chanzo cha ugomvi

1. Mhariri anakasirikia nini hasa: blogu yenyewe, au nilichoweka humo?

Karibu kila mara ni kimoja kati ya vitatu: saa, picha au jina.

Saa, kwa sababu gazeti likichapwa Dar es Salaam lina safari ya zaidi ya kilomita 800 kufika Mbeya. Habari uliyotupia mtandaoni saa saba mchana, msomaji wa Mwanjelwa atakutana nayo gazetini kesho yake, imeshapoa. Picha, kwa sababu ile ambayo ingebeba ukurasa wa mbele ikishazagaa kwenye makundi ya WhatsApp haina bei tena. Jina, kwa sababu mkurugenzi wa halmashauri anakupokea kama "yule wa gazeti fulani", na ukiandika ovyo kwenye blogu yako, simu ya malalamiko inaingia kwa mhariri.

Ukimuuliza, atakujibu "ni sera ya kampuni". Usiishie hapo. Muulize ni lipi kati ya hayo matatu, kwa sababu kila moja lina dawa yake na zote zinaandikika (swali la 6). Sera ambayo haijaandikwa popote haijadiliki wala haifuatiki.

2. Ugomvi huu ni wetu sisi tu?

Hapana. Mwaka 2002 gazeti la Houston Chronicle la Marekani lilimfukuza mwandishi wake Steve Olafson baada ya kubainika kuwa alikuwa na blogu aliyoiandika kwa jina la bandia, akiwasema wanasiasa wa eneo lilelile aliloliripotia. Machi 2003 CNN ilimtaka Kevin Sites aache kublogu kutoka vita ya Iraq. Mwezi uliofuata gazeti la Hartford Courant lilimzuia Denis Horgan kuendelea na blogu yake, kwa hoja kwamba umaarufu wake ulitokana na gazeti. Ni saa, picha na jina vilevile, ila kwa Kiingereza.

Hapa nyumbani mambo yalianza kwa upole zaidi. Muhidin Issa Michuzi alikuwa mpigapicha wa Daily News alipoanzisha blogu yake mwaka 2005, na kwa miaka mingi blogu na magazeti viliishi pamoja kwa kuazimana picha. Mvutano umekua kadiri vyombo vyenyewe vilivyoingia mtandaoni na kuanza kugombea wasomaji walewale.

3. Sina blogu, nina ukurasa wa Facebook na chaneli ya YouTube tu. Haya yananihusu?

Yanakuhusu. Mhariri hajali jukwaa, anajali kwamba habari imetoka. Mdhibiti naye haangalii jina la jukwaa, anaangalia kama unatoa habari na matukio (swali la 13). Humu "blogu" ina maana ya mahali popote unapochapisha kwa jina lako nje ya chombo chako.

## Mkataba na ajira

4. Mimi ni korespondenti, nalipwa kwa stori iliyotoka. Gazeti linaweza kunikataza kuwa na blogu?

Linaweza kukuomba. Linaweza pia kuacha kununua stori zako. Lakini kudai ukae bila kuchapisha popote, huku halikulipi mshahara, bima wala nauli ya kwenda Chunya, ni kutaka ng'ombe kwa bei ya maziwa. Msimamo wetu ni huu: anayelipa kwa stori ana haki juu ya stori aliyoilipia, hana haki juu ya mwandishi mzima.

Ila jihadhari na upande wa pili wa shilingi. Kama gazeti linakupangia kazi kila asubuhi, limekupa kamera, na humwandikii mwingine, huenda kisheria wewe si wa kujitegemea hata kidogo. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata jambo moja kati ya kadhaa yaliyotajwa: mathalani namna anavyofanya kazi inaongozwa na mwingine, anamtegemea mtu huyo kiuchumi, amepewa vitendea kazi naye, anamfanyia kazi mtu mmoja tu, au katika miezi 3 iliyopita amemfanyia kazi wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi. Korespondenti wengi wa mikoani wanazivuka saa hizo wiki ya pili ya mwezi. Kwa hiyo mhariri anayesema "wewe ni wetu, funga blogu" anajenga mwenyewe ushahidi kwamba amekuajiri. Hifadhi ujumbe huo.

5. Nimeajiriwa kwa mkataba. Nianzie wapi?

Soma mkataba kabla ya kununua jina la tovuti. Tafuta maneno manne: "kazi nyingine", "mgongano wa maslahi", "hakimiliki" na "mitandao ya kijamii". Kama mkataba unataka kibali cha kazi nyingine, omba kwa barua pepe, si kwa mdomo kwenye korido ya mkutano wa wahariri. Usipojibiwa ndani ya wiki mbili, kumbusha kwa barua pepe ileile ili mfululizo uonekane. Ukimya si kibali, lakini mfululizo huo unaonyesha hukujificha, na kujificha ndiko kunakowaponza wengi.

6. Makubaliano yaandikweje?

Ukurasa mmoja unatosha, na barua pepe inatosha mradi pande zote mbili zimejibu "nakubali". Yasikose mambo haya.

Kwanza ni saa. Mfano wa maneno: "Habari ya tukio nitaipeleka kwa dawati la mikoani kwanza. Kwenye blogu nitaichapisha baada ya saa 6 tangu niitume, au mara chombo kitakapoichapisha mtandaoni, lipi litangulie." Maneno "lipi litangulie" yasikosekane. Bila hayo, stori iliyolala dawatini siku tatu inabaki imefungwa kwako na haitoki kwao. Wahariri wengine watataka saa 24. Kwa makala ya uchunguzi ni haki yao. Kwa ajali au moto sokoni, saa 24 ni sawa na kukukataza.

Pili, picha: ngapi ni za chombo peke yake, na ngapi unabaki nazo (swali la 9). Tatu, stori zilizokataliwa: nani anasema imekataliwa, na baada ya muda gani (swali la 11). Nne, jina: blogu iwe na mstari unaosomeka bila kutafutwa kwamba maudhui ni yako na si ya chombo chako, nawe usitumie nembo yao, barua pepe yao wala kizibo cha maikrofoni chenye jina lao unapopiga video zako. Hilo la maikrofoni linasahaulika sana. Mahojiano ya onlaini tivi yako yenye maikrofoni ya redio ya watu ni ya redio ya watu, hata kama betri umenunua wewe.

Tano, namna ya kuachana: siku ngapi za taarifa, na nini kinafanyika kwa stori ambazo bado hazijalipwa.

7. Nimefukuzwa kwa sababu ya blogu. Nina siku ngapi?

Thelathini. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30 tangu kuachishwa au tangu mwajiri atoe uamuzi wa mwisho. Migogoro mingine, kama malipo, ni siku 60. Unajaza Fomu CMA F.1, unampa mwajiri nakala, halafu unaiwasilisha pamoja na uthibitisho kwamba ameipokea. Watu wanapoteza haki yao kwa kuzunguka wiki sita wakiomba mzee fulani wa tasnia "aongee nao".

Tume huangalia sababu, na huangalia utaratibu. Kanuni za utendaji bora za 2007 zinataka mfanyakazi apewe tuhuma na muda usiopungua saa 48 kujiandaa kabla ya kusikilizwa. Ujumbe wa WhatsApp saa nne usiku unaosema "kuanzia kesho usitume kitu" haujafika huko. Angalizo: ulinzi huu hauwahusu waliofanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo. Kama gazeti linakana kwamba wewe ni mwajiriwa, rudi swali la 4.

## Stori na picha

8. Tukio limetokea sasa hivi. Nini kiende gazetini na nini kiende kwenye blogu?

Chukua lori lililofeli breki Mlima Nyoka saa nne asubuhi. Ukifika, piga simu dawati kabla hujafungua blogu. Wape mistari mitatu: wapi, saa ngapi, na ulichokiona kwa macho yako. Taja pia saa utakayotuma picha. Simu hiyo ya dakika mbili ndiyo inayozuia nusu ya ugomvi wote, kwa sababu mhariri akilijua tukio kutoka kwako hawezi kusema amelikuta kwenye blogu.

Kwenye blogu weka kile ambacho kila abiria aliyekwama ataposti baada ya robo saa: barabara imefungwa, foleni imefika wapi, magari yanapitishwaje. Hiyo ni huduma kwa msomaji na haimwibii mtu skupu.

Idadi ya vifo ni jambo jingine kabisa. Ya wapiga debe na mashuhuda itatofautiana na ya polisi, na ya polisi itatofautiana na ya hospitali, kwa sababu wapo wanaofariki njiani na wapo wanaohesabiwa mara mbili, eneo la tukio na chumba cha maiti. Andika idadi ukiambatanisha chanzo na saa: "hadi saa sita mchana, kwa mujibu wa Kamanda wa Polisi wa Mkoa". Ikibadilika, usifute kimyakimya. Acha ya awali na uongeze mpya chini yake na saa yake. Kosa linalojirudia ni blogu kusema 9 na gazeti la kesho kusema 11, zote kwa jina lako, na hakuna palipoelezwa tofauti imetoka wapi. Majina ya marehemu yasubiri ndugu wapewe taarifa na polisi au hospitali. Sura za marehemu zisionekane kokote.

Kilichobaki ni cha gazeti, na ndicho chenye uzito: mmiliki wa gari, rekodi ya ukaguzi, ajali zilizowahi kutokea mteremko huohuo, TANROADS (wakala wa barabara) wanasemaje kuhusu njia ya kuchepukia, LATRA (mdhibiti wa usafiri wa ardhini) wanasemaje kuhusu ratiba. Ukikimwaga hicho kwenye blogu mchana, usimshangae mhariri akikasirika.

Asubuhi yake blogu iseme stori kamili iko wapi, kwa jina la gazeti. Wahariri hukumbuka jambo hilo dogo kuliko unavyodhani.

9. Picha nilizopiga ni za nani?

Jibu liko kwenye mkataba wako. Kama haupo, au haujataja, jiulize nani aligharimia: kamera ya nani, mafuta ya nani, alikutuma nani. Kazi uliyotumwa na kulipiwa, ukiwa na kamera ya kampuni, usiiguse bila ruhusa. Kazi uliyoifuata kwa bodaboda yako na simu yako, uza matumizi na usiuze picha. Kwenye barua pepe ya kutuma andika mstari mmoja: "Picha 4, kwa matumizi ya kwanza gazetini na kwenye tovuti ya gazeti. Haki nyingine zinabaki kwa mpigapicha." Mstari huo ukikosekana, miaka miwili baadaye utaikuta picha yako kwenye kalenda ya taasisi na hutakuwa na la kusema.

Piga seti mbili. Yenye tukio kuu na sura za wahusika wakuu iende gazetini. Yenye mandhari, umati na barabara ibaki kwako. Usitume picha ya gazeti kwa WhatsApp kama picha ya kawaida: inabanwa na kupoteza taarifa zake za ndani za saa na kifaa, ambazo ndizo ushahidi wako kwamba uliipiga wewe. Itume kama faili, au kwa barua pepe. Faili la asili usilikate wala kulipaka rangi. Fanyia kazi nakala. Na jina lako usiliweke pembeni mwa picha ambako mkasi mmoja unaliondoa, liweke juu ya sehemu yenye habari.

10. Gazeti limechukua stori ya blogu yangu bila kunitaja. Nami ninaweza kunakili yao?

Tukio halina mwenyewe. Mkataba wa Berne wa hakimiliki, ambao Tanzania ni mwanachama tangu 1994, hauzilindi habari za siku kama habari. Kinacholindwa ni namna ulivyoandika na picha ulizopiga. Kwa hiyo gazeti likisikia kwako kwamba soko limeungua Makambako, likapiga simu zake na kuandika lake, hukuibiwa, ingawa uungwana ungewafanya wakutaje. Likinyanyua aya zako tatu na kosa lako la tahajia likiwa palepale, hapo umeibiwa. Hesabu ni hiyohiyo ukiwa wewe ndiye unayenakili.

Hatua: piga picha za skrini za kurasa zote mbili zikionyesha tarehe na saa, hifadhi ukurasa wa gazeti lenyewe, kisha mwandikie mhariri mtendaji. Mwandishi mwenzako aliyechukua mwache kando. Taja aya, taja unachotaka: kutajwa, kulipwa, au kuondolewa. Mpe siku 7. Ikishindikana kuna Baraza la Habari Tanzania (MCT), ambalo husuluhisha bila gharama za wakili, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kwa masuala ya hakimiliki. Kulalamika kwenye status ni rahisi zaidi, lakini huwa kunaufunga mlango wa malipo.

11. Mhariri ameitupa stori yangu. Ninaweza kuichapisha?

Kama imekataliwa wazi na huna mkataba unaozuia, ndiyo. Ugumu uko kwenye stori ambayo haijakataliwa wala haijatoka. Andika: "Kama sitapata jibu hadi Ijumaa saa kumi jioni, nitachukulia kwamba stori imerudi kwangu." Kisha subiri hadi Ijumaa saa kumi kweli.

Kabla ya kuchapisha uliza kwa nini ilitupwa. Kama ni nafasi, au kwa sababu mtuhumiwa ni mteja mkubwa wa matangazo ya gazeti, chapisha. Ikiwa ni kwa sababu upande wa pili haukuhojiwa au nyaraka hazitoshi, blogu haiponyi ugonjwa huo. Inakuondolea tu wakili wa kampuni.

12. Nilimhoji mtu, naye alijua ni kwa ajili ya gazeti. Ninaweza kuyatumia mahojiano hayo kwenye blogu?

Muulize kwanza. Mkulima wa Mbarali aliyekubali kuzungumzia mgogoro wa ardhi gazetini anaweza asitake uso wake kwenye video itakayosambazwa kijijini kwake jioni hiyohiyo. Zoea kusema tangu mwanzo: "Nitaandika gazeti fulani, na huenda nikaweka sehemu kwenye ukurasa wangu. Unaridhia vyote?" Jibu lirekodiwe.

## Sheria na vibali

13. Nahitaji leseni gani, na inatofautianaje na kitambulisho cha uandishi?

Ni vitu viwili. Ithibati, yaani kibali cha kufanya kazi ya uandishi, ni ya mtu: Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inamtaka kila mwandishi awe nayo, na hutolewa na Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, kanuni za 2017 ziliweka kiwango cha chini cha elimu kuwa stashahada ya uandishi wa habari. Leseni ya maudhui mtandaoni ni ya jukwaa, nayo hutolewa na TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Kuwa na kimoja hakukupi kingine. Kitambulisho cha klabu ya waandishi, iwe Mbeya au Iringa, ni cha uanachama tu.

Kanuni za kwanza za maudhui mtandaoni zilikuja Machi 2018, na ada zake ziliwashtua wengi: shilingi 100,000 ya maombi, 1,000,000 ya leseni na 1,000,000 ya kila mwaka. Blogu nyingi za mikoani zilizima Juni mwaka huo. Kanuni mpya zilitoka 2020, na marekebisho ya 2022 yalipunguza ada na kubakiza sharti la leseni kwa wanaotoa habari na matukio. Blogu ya mapishi au kilimo cha parachichi kisicho na habari haiko kundi hilo. Ukianza kuweka taarifa ya Kamanda wa Polisi katikati ya mapishi, umeingia. Kwa ada ya sasa na fomu, ofisi ya TCRA ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya mjini. Nenda na TIN (namba ya mlipakodi) na usajili wa jina la biashara wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, maana bila hivyo utarudishwa.

14. Gazeti langu lina leseni. Hainifuniki?

Haikufuniki. Hata magazeti yenyewe leseni ya kuchapa haiyafuniki mtandaoni: Oktoba 2024 TCRA ilisimamisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za kampuni ya Mwananchi, huku magazeti ya karatasi yakiendelea kutoka.

15. Nikikosea kwenye blogu, nani anawajibika?

Wewe. Hapa ndipo tofauti ya kweli kati ya chumba cha habari na mtu mmoja inapoonekana, na watu wanaianza blogu bila kuifikiria. Gazetini stori inapita kwa mhariri wa dawati, msanifu, na wakati mwingine wakili. Kwenye blogu inapita kwenye kidole gumba.

Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kuhusu kuchapisha taarifa za uongo, kina adhabu ya faini isiyopungua 5,000,000 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Kanuni za 2020 zinampa mtoa maudhui saa 2 tu kuondoa maudhui yaliyokatazwa baada ya kuamriwa. Kama simu yako huwa inazimwa ukiwa Makete kusikokuwa na mtandao, weka mtu wa pili mwenye nywila. Tena kuna kesi ya madai ya kashfa, ambayo haihitaji polisi.

Picha za zamani ndizo mtego mkubwa. Aprili 2020 TCRA iliitoza Mwananchi faini ya 5,000,000 na kusimamisha leseni yake ya mtandaoni kwa miezi 6 kwa sababu ya picha ya Rais akiwa amezungukwa na watu sokoni, iliyodaiwa kuwa ya zamani. Kama chumba chenye wahariri wengi kiliingia humo, blogu ya mtu mmoja itaingia haraka zaidi. Kabla ya kutumia picha uliyotumiwa, itafute kwa njia ya picha kwenye Google, angalia namba za magari, mabango na sare, na umuombe aliyekutumia faili la asili.

16. Ofisi ya serikali inakataa kunipa taarifa kwa kuwa mimi ni "mtu wa blogu tu".

Acha kuomba kama mwandishi, omba kama raia. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 haimtaki raia awe na chombo. Andika barua kwa mkuu wa taasisi, taja taarifa unayoitaka kwa usahihi ("malipo ya mkandarasi wa zahanati ya kijiji fulani, mwaka wa fedha fulani", si "mambo ya zahanati"), na ugongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Wana siku 30 za kujibu. Ni polepole, ndiyo, ila muhuri huo una heshima kuliko kusimama mlangoni kwa katibu muhtasi. Usijitambulishe kwa jina la gazeti kama taarifa ni ya blogu: ukibainika, umempa mhariri sababu halali.

## Fedha

17. Ninaweza kupokea tangazo kutoka kwa kampuni ninayoiripotia?

Kisheria pengine ndiyo, lakini ndiyo njia fupi ya kupoteza kazi na jina kwa pamoja. Kampuni ya parachichi ya Njombe ikilipia bango kwenye blogu yako Jumatatu, kila utakachoandika gazetini kuhusu bei kwa wakulima kitasomwa kama malipo. Ama kataa tangazo, ama mwambie mhariri ampe mwingine stori hiyo. Video ya kulipiwa iandikwe "Tangazo" mwanzoni. Bahasha ya posho unayopokea kwenye mkutano kwa jina la gazeti, kisha ukaitimiza kwa stori ya blogu, ni rushwa mara mbili. Tumeona wahariri wakivumilia bahasha na kukasirikia blogu tu. Huo ni unafiki, ila hauhalalishi bahasha.

18. YouTube na AdSense zinalipa lini?

Polepole. Kugawana mapato ya matangazo YouTube inataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. AdSense, mfumo wa matangazo wa Google, hutuma namba ya siri kwa posta ukifikisha dola 10, kwa hiyo anwani iwe ya sanduku la posta unalolifungua kweli: ukipitisha miezi 4 bila kuingiza namba hiyo, matangazo yanasitishwa. Malipo yanatoka kuanzia dola 100. Vipande vya televisheni ulivyorekodi kwa simu havitakufikisha huko. Chaneli ya maudhui ya kuokoteza hunyimwa matangazo, na maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90 huifunga.

## Kesi ngumu

19. Je, nikitumia jina la bandia?

Olafson wa swali la 2 alitumia. Kwenye mkoa ambao waandishi wote wanakutana mkutano mmoja wa mkuu wa mkoa, mtindo wako wa kuandika utakutaja kabla ya wiki kuisha. Leseni nayo inataka mwenye jukwaa ajulikane. Zaidi ya yote, jina la bandia linageuza suala la kazi ya ziada kuwa suala la udanganyifu, ambalo mbele ya CMA ni zito zaidi.

20. Nikiumia nikiwa kazini kwa ajili ya blogu, chombo changu kitanisimamia?

Usikitegemee. Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, Mufindi, tarehe 2 Septemba 2012, polisi walipokuwa wakitawanya mkusanyiko wa CHADEMA. Alikuwa mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa Klabu ya Waandishi wa Habari Iringa, na askari aliyeshtakiwa alihukumiwa miaka 15 mwaka 2016. Watu walijua kafia kazini. Mwenye blogu asiyetumwa na mtu anaweza kukosa hata hilo, kwani swali la kwanza litakuwa "alitumwa na nani?"

Kabla ya kwenda kwenye maandamano, bomoabomoa au operesheni ya mpakani Tunduma, tuma ujumbe wenye eneo, saa ya kwenda na saa ya kurudi kwa mhariri na kwa katibu wa klabu yako. Vaa kitambulisho cha ithibati nje ya nguo. Kama unakwenda kwa ajili ya blogu, usivae fulana ya chombo. Ukikamatwa, wa kwanza kupigiwa ni katibu wa klabu, kwa sababu yuko mkoani na anamjua mkuu wa kituo.

21. Siasa kwenye ukurasa wangu binafsi?

Ukiripoti uchaguzi, hakuna ukurasa binafsi. Picha yako ukiwa na kofia ya chama itafika dawatini kabla hujaivua.

22. Nahama chombo. Ukurasa wenye wafuasi ni wa nani?

Angalia ulifunguliwa kwa barua pepe na namba ya simu ya nani, una jina la nani, na nani alikuwa akilipia bando na matangazo ya kuukuza. Ukurasa uitwao kwa jina la redio ni wa redio, hata kama uliujaza wewe peke yako usiku kucha. Wenye jina lako, uliofunguliwa kwa namba yako, ni wako, lakini stori zilizolipiwa zilizomo humo zinaweza kudaiwa ziondolewe (swali la 9).

Fanya haya kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi. Badilisha barua pepe ya kurejeshea akaunti iwe yako, si ya kampuni, maana itafungwa siku hiyohiyo. Waondoe wasimamizi wenza usiowahitaji. Pakua nakala ya maudhui yako yote. Na kwa kurasa zilizo za kampuni, kabidhi nywila kwa barua pepe na uombe jibu la kupokelewa, ili siku kitu cha ajabu kikipostiwa humo saa nane usiku, isiwe wewe unayeitwa polisi.